Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Marekani: futiboli iende, michezo mingine ibaki nyumbani

Kwa: Marais wa vyuo vikuu, wajumbe wa bodi zinazovisimamia, na makamishna wa ligi za Big Ten, SEC, ACC, Big 12, Pac-12 na Mountain West

YAH: KUTENGANISHA MKATABA WA FUTIBOLI NA MIKATABA YA MICHEZO MINGINE KABLA YA 2030

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Tunawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu jambo hili linawagusa watu wa lugha hii kuliko mnavyodhani. Tarehe 8 Aprili 1978, mwanafunzi wa Washington State aitwaye Henry Rono, Mnandi kutoka Kenya, alikimbia mita 5,000 mjini Berkeley kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Ilikuwa rekodi ya dunia. Tarehe 13 Mei akavunja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, safari hii Seattle. Juni akaenda Ulaya akaongeza ya mita 10,000 Vienna na ya mita 3,000 Oslo: rekodi nne ndani ya siku 81. Mwaka mmoja kabla yake, Samson Kimobwa wa chuo hicho hicho alikuwa ameshika rekodi ya mita 10,000. Angalieni rekodi mbili za kwanza za Rono zilipatikana wapi. Berkeley na Seattle, viwanja vya majirani wa ligi yake, safari za kawaida za msimu wa vyuo.

Leo Berkeley inacheza ligi ya Atlantiki, ACC. Seattle imo katika Big Ten, ligi yenye makao karibu na Chicago. Na Juni 2025, Washington State ilitangaza kwamba inaacha mitupo na miruko na kupunguza mbio fupi, ibaki na mbio ndefu. Kijana wa Iten au Mbulu anayetafuta ufadhili wa masomo kwa miguu yake hajawahi kuushika mpira ule wenye umbo la yai, lakini ndio unaoamua kama timu ya riadha itakayomchukua itakuwepo.

Tukisema futiboli hapa tunamaanisha hiyo ya Kimarekani, ya kofia ngumu. Na tukisema ligi tunamaanisha zile mnazoziita konferensi: umoja wa vyuo unaopanga ratiba, unaouza haki za televisheni kwa pamoja na kugawana fedha. Ombi letu ni moja. Chuo kinapohama ligi kwa sababu ya futiboli, kihamishe futiboli. Voliboli, sofiboli, besiboli, soka, tenisi na riadha zibaki kucheza na majirani.

Kwanza tukumbushane jinsi ligi ya Pasifiki, Pac-12, ilivyovunjika, maana kosa lenyewe lilikuwa la karatasi, na karatasi hizo hizo mtazisaini tena miaka michache ijayo.

Ligi ile ilianzishwa 1915. Kilichokuwa kikiwashikilia wanachama wake pamoja katika miaka ya mwisho ni hati ya kukabidhi haki za matangazo. Chuo kinaikabidhi ligi haki za kuonyesha mechi zake za nyumbani kwa miaka kadhaa. Kikiondoka kabla ya muda, haki zinabaki nyuma, na huko kinakokwenda kinafika mikono mitupu. Ndiyo kufuli halisi la ligi yoyote. Ada ya kujitoa ni komeo dogo tu juu yake. Sasa, kufuli la Pac-12 lilikuwa na tarehe ya kufunguka: hati iliisha pamoja na mkataba wa televisheni, kiangazi cha 2024, kwa wanachama wote siku moja. Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, zilipotangaza kwenda Big Ten kuanzia 2024, hazikulipa ada yoyote. Hakukuwa na cha kulipia.

Kuanzia hapo, aliyewahi kufika kwa mnunuzi ndiye aliyepona. Mkataba wa Big 12 ulikuwa bado na muda, lakini haikungoja. Oktoba 2022 ikafikia makubaliano mapya na vituo vya televisheni vya ESPN na Fox hadi 2031, na kwa kufanya hivyo ikajaza saa za hewani ambazo Pac-12 ilitegemea kuziuza. Pac-12 ikabaki inazungumza, na soko la Los Angeles limeshaondoka. Colorado ikajitoa Julai 2023. Ofa iliyobaki mezani ilikuwa ya Apple, ya kuonyesha mechi kwa mtandao, ambapo mapato ya chuo yangepanda au kushuka kwa idadi ya watakaojiandikisha kulipia. Tarehe 4 Agosti 2023 Oregon na Washington ya Seattle zikaenda Big Ten. Arizona, Arizona State na Utah zikaenda Big 12. Tarehe 1 Septemba Stanford na California, yaani chuo cha Berkeley, zikapokelewa na ACC. Vikabaki vyuo viwili: Oregon State ya Corvallis na Washington State ya Pullman.

Corvallis mwezi huo huo wa Septemba ilikuwa inafungua Uwanja wa Reser baada ya ukarabati wa zaidi ya dola milioni 160. Upande mzima wa magharibi ulibomolewa na kujengwa upya, na humo ndani wakaweka hata kituo cha afya cha wanafunzi. Nyumba imekamilika, ukoo umetawanyika. Uwanja wa namna hiyo hujengwa kwa hesabu ya mapato ya miaka mingi, na hesabu ile ilidhani ligi itakuwepo.

Ili mjue njia hii inaweza kumfikisha mtu wapi, toka Pullman nenda kilomita 13 mashariki, uvuke mpaka wa jimbo. Pale Moscow, mji wa jimbo la Idaho, kuna Chuo Kikuu cha Idaho, ambacho nacho kilikuwa mwanachama wa ligi ya Pasifiki kuanzia 1922. Ligi ilipovunjwa mwaka 1959 na kuundwa upya, Idaho haikuchukuliwa. Ikahangaika kwa miongo, ligi hii hadi ile, na mwaka 2018 ikawa ya kwanza kushuka kwa hiari kutoka daraja la juu la futiboli kwenda la pili. Bado ni chuo kizuri, na hatusemi kushuka daraja ni kufa. Tunasema majirani waliokuwa wakienda pamoja kwa basi walitenganishwa na kikao kimoja, na miaka sitini na zaidi baadaye bado hawajarudishwa meza moja.

Sasa tuje kwa wanaobeba mzigo huu.

Timu ya futiboli ikisafiri mara tano au sita kwa msimu, mechi moja kwa wiki, kwa ndege ya kukodi, umbali haui mtu. Inaondoka Ijumaa, inacheza Jumamosi, inarudi usiku huo huo. Voliboli ya wanawake haiendi hivyo. Katika Big Ten ni mechi 20 za ligi, kwa kawaida mbili kila wiki, nusu yake ugenini. Kati ya wanachama 18, wanne tu wako pwani ya magharibi. Waliobaki 14 wako mbele kwa saa mbili au tatu. Kutoka UCLA hadi Rutgers ni karibu kilomita 4,000, sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Cairo. Mechi ya saa moja usiku huko Piscataway, mji wa Rutgers, ikiisha, mtu ameshachelewa ndege za abiria za kurudi magharibi. Analala, anaamka alfajiri, anatumia siku nzima njiani, na darasa la siku hiyo limepotea. Zidisha kwa wiki kumi. Kisha kumbukeni kwamba sofiboli na besiboli hucheza mechi tatu kwa wikiendi moja, kwa hiyo msafara hutoka Alhamisi na kurudi Jumapili usiku au Jumatatu.

Kwa upande wa fedha, kanuni ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, inakitaka chuo cha daraja la juu la futiboli kiwe na michezo isiyopungua 16. Kwa hiyo hamwezi kuifuta yote mkabaki na futiboli. Mnachoweza ni kufuta kimya kimya, tukio moja leo, mchezo mmoja mwakani, hadi mguse kile kiwango. Shinikizo limezidi tangu Juni 2025, mahakama ilipoidhinisha mapatano ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA: chuo kinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa 2025–26, na sehemu kubwa inakwenda futiboli na kikapu cha wanaume. Wanariadha wetu wenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hata hilo fungu hawalipati kirahisi, kwa kuwa viza hiyo inabana kazi na malipo. Kwao ufadhili wa masomo ndio kila kitu, na ufadhili huo uko katika michezo inayokatwa.

Mtatujibu kwamba fedha za televisheni ndizo zinazolisha michezo hiyo, na kwamba bila kuhama isingekuwepo. Ni kweli, futiboli ndiyo inayoleta unga. Lakini mnunuzi wa haki hakuvuka bara kwa ajili ya sofiboli. Mlimuuzia futiboli, mkaifunga sofiboli kwenye furushi hilo hilo kwa sababu katiba za ligi zinataka mwanachama aje na michezo yake yote. Kanuni hiyo mliiandika wenyewe, na kura zenu zinaweza kuibadilisha.

Tena mmeshaibadilisha mara nyingi panapowafaa. Notre Dame inacheza futiboli bila ligi, haki zake za nyumbani ziko kwa kituo cha televisheni cha NBC, na michezo yake mingi imo ACC tangu 2013 kwa makubaliano ya kukutana na timu za ACC mechi tano hivi za futiboli kila mwaka. Hawaii iliingiza futiboli yake Mountain West mwaka 2012, michezo mingine ikaiweka ligi ya Big West na vyuo vya California. Northern Illinois imepangiwa kuingia Mountain West kuanzia Julai 2026 kwa futiboli peke yake. Michezo mingine inakwenda Horizon, ligi ya majimbo yanayoizunguka. Huo ndio mfano tunaoutaka, na umefanywa na chuo kisicho na utajiri wa hata mmoja wa wakubwa wa Big Ten.

Na pale Pasifiki chombo chenyewe kipo. Shirikisho la michezo la Mountain Pacific, lililoanzishwa 1992, linaendesha michezo ambayo ligi kubwa haziiwekei mashindano. Katika polo ya majini ya wanaume, UCLA, USC, Stanford na California bado wanakutana humo kama zamani, ingawa wawili ni wa Big Ten na wawili ni wa ACC. Kwa nini polo ya majini ya Berkeley icheze na Los Angeles, na sofiboli ya Berkeley ipande ndege kwenda Carolina? Jibu ni kwamba ACC haina polo ya majini. Hakuna mtu aliyekaa akapima lipi linamfaa mwanafunzi.

Tunapendekeza shirikisho hilo, au jingine la namna yake, lipanuliwe hadi voliboli ya wanawake, soka, sofiboli, besiboli, tenisi na gofu kwa vyuo vya magharibi, bila kujali futiboli ya kila mmoja iko wapi. Kazi yenyewe inahitaji hati tatu badala ya moja. Ya kwanza ni ya futiboli, na haki zake za matangazo ziishie humo. Ya pili ni ya kikapu, wanaume na wanawake kwa pamoja, maana kikapu nacho kina soko na ligi kubwa hazitakiachia. Kiende na futiboli kama lazima, ila ratiba ipangwe kwa jozi za jirani, Michigan na Michigan State safari moja, Rutgers na Maryland safari moja. Ya tatu ni ya michezo iliyobaki, ya kanda, isiyo na ada kubwa ya kujitoa, na yenye muda mrefu kuliko mkataba wa televisheni, ili futiboli ikihama tena isiiburute.

Yapo mambo matatu yatakayoharibu mpango huu yasipoangaliwa mapema. Televisheni ya Big Ten, ambayo Fox ndiyo yenye hisa nyingi, inahitaji mechi za kujaza ratiba wakati wa masika futiboli ikiwa imelala; ukiondoa besiboli na sofiboli za magharibi lazima uipe kitu badala yake. Suluhisho ni kuikodishia haki za mechi za nyumbani za vyuo hivyo hata kama wapinzani ni wa shirikisho la kanda, na kulitamka hilo ndani ya hati ya tatu tangu siku ya kwanza. La pili ni Title IX, sheria ya 1972 ya usawa wa kijinsia. Mkiibakiza besiboli nyumbani na kuirusha sofiboli, mtashtakiwa na mtashindwa. Mgawanyo uende kwa jozi za wanaume na wanawake. La tatu ni tiketi ya moja kwa moja ya kuingia mashindano ya taifa, ambayo NCAA huipa ligi inayotimiza idadi ya wanachama na masharti yake. Shirikisho lisianze mchezo wowote kabla tiketi hiyo haijathibitishwa kwa maandishi, vinginevyo makocha watakataa, na watakuwa na haki.

Wasiwasi kwamba timu nje ya ligi kubwa itadhoofika tumeusikia. Besiboli ya Oregon State ilicheza msimu wa 2025 bila ligi kabisa, ratiba ya kuokoteza, na ikafika fainali za vyuo Omaha.

Sasa kuhusu namna ya kuachana. Vyuo viwili vilivyobaki vilipokwenda mahakama ya kaunti ya Whitman, hoja yao ilikuwa ndogo na safi: katiba ya ligi ilisema anayetoa taarifa ya kujitoa kabla ya 1 Agosti 2024 anapoteza kiti katika bodi. Novemba 2023 hakimu alikubaliana nao, mahakama kuu ya jimbo ikakataa kuingilia, na mapatano yakafikiwa Desemba. Wanaoondoka wakaacha jumla ya dola milioni 65. Sentensi moja iliyoandikwa vizuri ndiyo iliyowaokoa wawili hao. Ligi ngapi kati yenu zina sentensi hiyo?

Kilichofuata kinatuhuzunisha. Vyuo hivyo vilikodi mechi sita kila kimoja kutoka Mountain West kwa msimu wa 2024, kwa dola milioni 14, na mkataba ukawa na faini ya kunyakua wanachama: milioni 10 kwa wa kwanza, na nusu milioni zaidi kwa kila anayefuata. Septemba 2024 Pac-12 ikachukua Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, kisha Utah State. Jumlisheni 10, 10.5, 11, 11.5 na 12, mtapata milioni 55, na mwezi huo huo shauri likaenda mahakamani. NCAA inataka wanachama wanane na muda wa nafuu ni miaka miwili, kwa hiyo tunaelewa kwamba walibanwa. Lakini waliochomwa walichukua kijinga wakaenda kuwasha paa la jirani, na jirani naye akageukia ligi ya Conference USA akaichukua UTEP, chuo cha El Paso alikosoma na kukimbia Suleiman Nyambui wetu aliyeleta Tanzania medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow, Urusi, mwaka 1980. Moto umetoka Los Angeles ukafika mpaka wa Mexico. Hata huko ACC, Stanford na California zinapokea takriban asilimia 30 tu ya fungu la televisheni kwa miaka saba, na UCLA imeagizwa na bodi yake kuilipa California, ndugu yake wa chuo kimoja, dola milioni 10 kwa mwaka. Kila mmoja analipa, na hakuna aliyepunguziwa kilomita hata moja.

Tarehe zinazokuja mnazijua kuliko sisi. Mkataba wa Big Ten unaisha na msimu wa 2029–30. Wa Big 12 unaisha mwaka unaofuata. Kwa mapatano ya Machi 2025 na Florida State na Clemson, gharama ya kujitoa ACC inashuka kila mwaka hadi dola milioni 75 mwaka 2030–31. Makufuli matatu yanafunguka karibu pamoja, kama lile la Pac-12 lilivyofunguka. Mtakapokuwa mezani na wanunuzi wa haki, mwaka 2028 au 2029, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuuliza tenisi itasafirije. Kwa hiyo katiba zibadilishwe kabla: ligi iruhusu uanachama wa futiboli peke yake bila adhabu kwa michezo mingine, na kila mkataba wa kuhama uwe na kiambatanisho kinacholinda mechi ya jirani. Washington na Washington State wanacheza tangu 1900. Baada ya mgawanyiko waliafikiana kuendelea hadi 2028. Baada ya hapo hakuna kilichoandikwa, na makamishna wanaopanga mechi tisa za ligi hawaachi nafasi kwa hisani.

Tunaomba mambo mawili yawekwe kwenye ajenda ya kikao cha bodi kinachofuata katika kila ligi: marekebisho ya kanuni ya uanachama, na kuunda kamati ya wakurugenzi wa michezo wa pwani ya magharibi itakayokaa na shirikisho la Mountain Pacific kuandaa ratiba ya majaribio ya mchezo mmoja. Tungeanza na sofiboli, kwa sababu ndiyo inayopoteza siku nyingi zaidi za darasa, na viwanja vyake viko karibu karibu kuanzia San Diego hadi Seattle.

Tunasubiri majibu yenu.

Wenu,
Sisi tunaofuatilia michezo ya vyuo vya Marekani kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki walioko huko na wanaokuja.

Nakala: Wakurugenzi wa michezo, Corvallis, Pullman, Berkeley, Los Angeles na El Paso.